MKONO WA MFANYAKAZI: KUUTIBU NA KUURUDISHA KAZINI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, nayo yachapwa hapa kwa ombi la Halmashauri)



Halmashauri ilitutaka tuzungumze juu ya jambo lenye faida kwa watu wa afisi, nasi tumechagua mkono. Huenda wengine wakastaajabu, wakisema kwamba mambo ya majeraha ni ya madaktari, na ya karani ni kalamu na majalada. Lakini hapana karani, wala mpiga chapa, wala tarishi, wala dereva, wala mtunza bohari, ambaye mshahara wake haupiti kwanza katika vidole vyake. Mtu aliyevunjika mguu aweza kuketi mezani akaandika. Mtu aliyekatika kano za mkono wa kuume, hata akiwa na elimu ya namna gani, huketi akitazama kazi yake ikifanywa na mwingine.

Sisi si waganga. Tuliyo nayo tumeyapata kwa kusoma, kwa kuwauliza wauguzi na wataalamu wa mazoezi ya viungo, na kwa kushughulika na karatasi za watumishi walioumia. Twapenda kueleza jinsi mkono ulivyoundwa, yapasayo kufanywa katika saa ya kwanza, na yale ya miezi inayofuata. Kisha tutasema neno juu ya karatasi, maana hiyo ni kazi yetu wenyewe. Na hoja yetu ni hii: daktari hufanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki hufanywa na mgonjwa mwenyewe, nyumbani kwake na afisini kwake, kwa muda wa miezi. Nusu hiyo ya pili ndiyo inayopotea kwetu.

JINSI MKONO ULIVYOUNDWA

Lugha yetu huita mkono kitu kizima tangu begani hata ncha za vidole, nayo ina haki, kwa sababu sehemu zote hizo hutumika pamoja. Kifundo, kiganja na vidole vina mifupa 27: midogo ya kifundo ni 8, ya kiganja ni 5, na ya vidole ni 14. Lakini ndani ya vidole hamna misuli ya kuvikunja. Misuli yenye nguvu imo katika kigasha, yaani baina ya kiwiko na kifundo, nayo huvuta vidole kwa kano, kama mtu avutaye ndoo kisimani kwa kamba. Kila mmoja aweza kuliona jambo hili hapa alipoketi: shika kigasha chako kwa mkono wa pili, kisha kunja vidole na kuvikunjua, utaisikia misuli ikicheza mahali palipo mbali na vidole vyenyewe.

Kano hizo hupita katika ala nyembamba sana, na ili kidole kikunjike sharti kano iteleze ndani ya ala yake bila kukwama. Kwa hiyo jeraha dogo la kisu au la kioo, ambalo ngozi yake yaweza kufunga kwa muda wa wiki mbili, laweza kuwa limekata kamba iliyo ndani. Na kamba ikikatika, ncha yake hurudi nyuma kuelekea kiganjani. Nje kovu ni dogo. Ndani ndoo imetumbukia kisimani.

Pamoja na kano iko mishipa mikubwa mitatu ya fahamu. Wa kwanza hupita katikati ya kifundo, nao huleta hisia katika gumba, kidole cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Ndio pia ulipao gumba uwezo wa kukabili vidole vingine. Wa pili hupita nyuma ya kiwiko upande wa ndani. Ndio unaotupiga kama umeme tunapogonga kiwiko mezani. Huo huendesha misuli mingi midogo ya kiganja, na kuleta hisia katika kidole cha mwisho. Wa tatu huzunguka nyuma ya mfupa wa juu ya kiwiko, na kazi yake ni kuinua kifundo na vidole. Mtu aliyelala usingizi mzito, mkono wake umening'inia juu ya mgongo wa kiti, aweza kuamka kifundo chake kimelegea kabisa, kwa sababu mshipa huo umebanwa usiku kucha.

Gumba peke yake, kwa hesabu wanayoitumia madaktari wa mikono, ni karibu asilimia 40 ya kazi yote ya kiganja. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Na chawa mwenyewe havunjwi pasipo gumba.

SAA YA KWANZA

Mtu akikatwa mkono, jambo la kwanza ni kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu na bila kuchungulia kila dakika, na kuuinua mkono juu kuliko moyo. Damu nyingi husimama kwa njia hiyo peke yake. Kufunga kamba juu ya mkono kwa kuubana ni jambo la hatari, nalo huachiwa damu ile tu ambayo inamwua mtu na haikusimama kwa kukandamizwa. Tena aliyeifunga sharti aandike saa aliyofunga. Pete na bangili na saa zivuliwe upesi kabla ya mkono kuvimba, maana baadaye pete hugeuka kitanzi.

Jeraha lioshwe kwa maji safi mengi. Lisitiwe mafuta ya taa, wala majivu, wala kahawa, wala tumbaku, wala samadi. Vitu hivi vyatoka katika mapokeo, nasi hatuwacheki waliotufundisha; lakini samadi na udongo ni makao ya vijidudu vya pepopunda, na pepopunda huua. Kila aliyejeruhiwa na aulizwe siku aliyopigwa sindano ya pepopunda kwa mara ya mwisho. Aliyeungua kwa moto au kwa maji ya moto, mkono wake uwekwe chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, wala usipakwe dawa ya meno.

Kidole kikikatika kabisa, kisitupwe. Kizungushiwe kitambaa safi kilichoroweshwa maji safi na kukamuliwa, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ufungwe, kisha mfuko huo uwekwe ndani ya maji yenye barafu. Kidole chenyewe kisigusane na barafu, maana barafu huiua nyama. Mwaka 1962 madaktari wa Boston, Marekani, waliurudisha mkono wa mtoto wa miaka 12 aliyekatwa na gari la moshi. Mwaka 1963 madaktari wa Shanghai wakaurudisha mkono wa mfanyakazi wa kiwanda. Na mwaka 1965 huko Japani likarudishwa gumba lililokatika kabisa, kwa kuunga mishipa ya damu chini ya hadubini. Kidole kilichohifadhiwa katika ubaridi chaweza kungoja takriban siku moja. Mkono mzima, kwa kuwa una misuli, haungoji zaidi ya saa 6 hivi. Kwetu wapasuaji wa kazi hiyo si wengi, lakini hilo ni la daktari kuamua. Kazi ya aliye karibu ni kukileta kidole hospitali katika hali njema.

Kisha lipo jambo moja ambalo twawasihi wanachama walishike hata wakisahau mengine yote. Kabla jeraha la kiganja au la kidole halijashonwa, mgonjwa aulizwe haya: Waweza kukunja kila kiungo cha kidole hiki, kimoja kimoja? Waweza kukinyosha? Wasikia nikigusa ncha yake, upande huu na upande huu? Maswali hayo huchukua dakika mbili. Yasipoulizwa na mshonaji, mgonjwa ana ruhusa ya kujiuliza mwenyewe na kumwambia mshonaji aliyoyaona.

Twamjua tarishi mmoja wa afisi moja, ambayo hatutaitaja, aliyekatwa na kioo cha dirisha upande wa kiganja. Alishonwa siku ile ile nyuzi 4, na siku ya tatu akaitwa kazini, kwa kuwa mkubwa wake aliona jeraha ni dogo. Nyuzi zilitolewa, kovu likapoa, lakini vidole viwili havikukunjika. Alifikiri ni uvivu wa kidole, akangoja. Alipofika mbele ya mpasuaji, miezi 9 ilikuwa imepita. Kano zilikuwa zimerudi nyuma na ala zake zimesinyaa, na kazi ambayo ingemalizwa kwa upasuaji mmoja katika wiki ya kwanza ikahitaji upasuaji wa mara mbili, miezi kadhaa baina yake. Kijana huyu alikuwa akijifunza kupiga chapa jioni, apate kupanda daraja. Mashine ilibaki mezani, naye akabaki na kikapu cha barua.

MFUPA NA BANZI

Mifupa ya mkono huvunjika zaidi kwa kuanguka juu ya kiganja. Mtu akiteleza, au akitupwa na pikipiki ya abiria, hunyosha mkono kujikinga, na mfupa wa kigasha huvunjika karibu na kifundo. Abraham Colles, mpasuaji wa Dublin, aliueleza mvunjiko huo mwaka 1814, kabla haujakuwako mtambo wowote wa kupiga picha za mifupa. Kwa watoto wanaoanguka kutoka juu ya miembe, aghalabu huvunjika mfupa wa juu kidogo ya kiwiko, nao ni mvunjiko wa kuogopwa, kwa kuwa mshipa mkubwa wa damu hupita hapo hapo.

Katika nchi zetu wako waungaji wa mifupa waliorithi kazi hiyo kwa baba zao, na wengi wao ni watu wa huruma. Hatukuja kuwatukana. Lakini banzi lililokazwa sana, liwe la mwanzi wa muungaji au la plasta ya hospitali, laweza kuua mkono. Mahali palipovunjika huvimba, kitambaa hakipanuki, damu hushindwa kupita, na misuli ya kigasha ikikosa damu kwa muda wa saa 6 hivi, huanza kufa. Misuli iliyokufa hugeuka kuwa kamba ngumu, ikavuta vidole vikajikunja kama makucha ya ndege, navyo havikunjuki tena. Richard von Volkmann wa Ujerumani aliyaeleza hayo mwaka 1881, akavitaja vitambaa vilivyokazwa. Na hata sasa watoto hukatwa mikono kwa sababu hiyo hiyo.

Dalili zake ni rahisi kuzikumbuka. Maumivu yazidi badala ya kupungua, wala hayatulizwi na dawa. Mgonjwa hupiga kelele vidole vyake vinaponyoshwa na mtu mwingine. Vidole vyafa ganzi, au vyawa baridi, au vyapauka. Mzazi akiona hayo asingoje asubuhi. Banzi lifunguliwe saa ile ile hata kugusa ngozi, na mtoto apelekwe hospitali. Mfupa uliokaa upande waweza kunyoshwa wiki ijayo. Msuli uliokufa haufufuki.

MIEZI INAYOFUATA

Sasa twafikia nusu ile ya pili. Watu wengi hudhani kwamba mkono uliotibiwa sharti upumzike mpaka maumivu yaishe. Mguu waweza kuvumilia mapumziko hayo, kiganja hakivumilii. Kiungo cha kidole kisichotembea hukakamaa, na kano iliyoshonwa ikiachwa imelala huota kovu na kugandamana na ala yake. Hapo kale wapasuaji waliogopa sana kushona kano mahali pale ambapo zinapita mbili mbili katika ala moja, mbele ya kiganja na vidole. Sterling Bunnell wa San Francisco, ambaye kitabu chake juu ya upasuaji wa mkono kilitoka mwaka 1944, alipaita mahali hapo nchi isiyo na mwenyewe, akashauri zisishonwe hapo mara moja. Harold Kleinert na wenzake wa Louisville, Marekani, walionyesha katika miaka ya 1960 kwamba zaweza kushonwa, mradi kidole kianze kutembezwa mapema, kikivutwa kwa utepe wa mpira na kulindwa kwa banzi lililo nyuma ya mkono. Tangu hapo mwendo wa mapema umekuwa ndiyo sheria ya kazi hiyo.

Lakini mwendo huo una vipimo vyake. Kano iliyoshonwa ni dhaifu katika wiki za mwanzo. Hutembezwa polepole, wala haibebeshwi mzigo, na aghalabu hungojwa wiki 12 kabla ya mtu kuinua ndoo au kufungua kizibo kigumu. Asiyefanya mazoezi hugandamana. Afanyaye kwa pupa hukata uzi. Ndiyo maana atakiwa mtaalamu wa mazoezi, amwonyeshe kiasi cha kila wiki. Wataalamu hao wako. Moshi, katika Hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, hufundishwa watu wa kazi za mazoezi na wa kutengeneza viungo vya bandia. Na Dar es Salaam iko Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Mtu akiandikiwa kurudi kliniki ya mazoezi, cheti hicho si cha kupuuzwa kuliko cheti cha upasuaji.

Mkono ukifungwa banzi kwa sababu nyingine, kama jeraha la kuungua au kiganja kilichopondwa, mtindo wa kuufunga ni wa maana. Kifundo huinuliwa nyuma kidogo, vidole hukunjwa pale vinapoungana na kiganja, na viungo vyake vingine huwekwa vimenyoka; gumba hutengwa mbali na kiganja. Mkono uliofungwa hivyo, hata ukikakamaa kidogo, hurudi. Tena viungo visivyoumia visifungwe pamoja na vilivyoumia. Aliyefungwa plasta ya kifundo na atembeze vidole vyake, kiwiko chake na bega lake kila saa, tangu siku ya kwanza. Twajua watu ambao mfupa wao wa kifundo ulipona vizuri, lakini bega likakwama mwaka mzima kwa sababu ya kukaa katika tanzi la shingoni.

Mshipa wa fahamu ukikatwa na kuungwa, huota tena kwa mwendo wa milimita 1 hivi kwa siku. Tupige hesabu, sisi watu wa hesabu. Kutoka kifundo hata ncha ya kidole ni kama sentimita 18, yaani milimita 180. Basi ni siku 180, miezi 6, na mara nyingi huzidi. Muda huo wote kidole hakina hisia, na kidole kisicho na hisia hujichoma na kujikata bila kujua. Paul Brand, mpasuaji Mwingereza aliyekwenda Vellore, India, mwaka 1946, alichunguza mikono ya wenye ukoma akaona kwamba vidole vyao havikuwa vikioza kwa ugonjwa wenyewe, kama watu walivyoamini. Viliharibika kwa sababu wenyewe hawakusikia maumivu, wakashika sufuria ya moto na kukaza funguo mpaka ngozi ikapasuka. Kwa hiyo aliyekufa ganzi na apime maji kwa mkono mzima, ashike sufuria kwa kitambaa, na kukagua vidole vyake kila jioni kwa macho, kwa kuwa ngozi haitamwambia neno.

Vyombo vya mazoezi haya si vya ghali. Mpiga chapa mmoja, mama wa watoto wawili, alivunjika kifundo cha mkono wa kuume. Plasta ilipotolewa baada ya wiki 6, mkono ulikuwa mwembamba na mgumu, naye alilia akidhani umekwisha. Mtaalamu alimpa kazi za nyumbani: kuingiza mkono katika maji ya vuguvugu na kukunja ngumi mara kumi, kugusa kila ncha ya kidole kwa gumba, kuukusanya mkono katika bakuli la mchele na kutafuta humo maharage kwa kupapasa, kukamua sifongo, kisha, siku zilipoendelea, kukanda unga wa chapati na kubana vibanio vya nguo. Kovu, kama liko, hukandwa kwa mafuta mara kwa mara ili lisishikamane na chini. Alifanya hayo mara tano kwa siku, dakika chache chache; haba na haba hujaza kibaba. Mwezi wa nne alipiga chapa kama zamani, ila kwa mwendo wa polepole. Tumetaja kisa hiki kwa sababu mkubwa wake wa kazi alimruhusu arudi kwa saa chache, akapange majalada na kupokea simu, mpaka kifundo kipate nguvu. Ruhusa hiyo ilikuwa dawa kama dawa nyingine.

Tuwakumbushe pia makarani maradhi yanayokuja pasipo jeraha. Mtu akiamka usiku gumba na vidole vitatu vinavyofuata vimekufa ganzi au vyachoma, akavikung'uta apate nafuu, yaelekea ule mshipa wa kwanza umebanwa katika mfereji wa kifundo. Huwapata zaidi wanawake, wajawazito, wenye kisukari, na wafanyao kazi za nguvu au za mitambo itetemekayo. Dawa ya mwanzo ni banzi jepesi la kulalia, kifundo kikiwa kimenyoka. Lakini nyama iliyo chini ya gumba ikianza kunywea, asingoje. Upasuaji mdogo wa kuufungua mfereji huo huuokoa mshipa, nao ukichelewa hauurudishi.

KARATASI

Ndugu wanachama, hayo yote ni ya madaktari na wagonjwa. Sasa yaja yaliyo yetu. Mtumishi akiumia kazini, jeraha lake huingia katika vitabu kwa mkono wa karani, na likikosa kuingia, ni kana kwamba halikutokea.

Katika Tanzania Bara, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 yahusu watumishi wa Serikali na wa makampuni pia, na Mfuko wake ulianza mwaka 2015. Mfanyakazi hutoa habari ya ajali kwa mwajiri mapema awezavyo, kwa maneno au kwa maandishi. Naye mwajiri hupeleka taarifa kwa Mfuko katika muda wa siku 7. Katika Kenya iko Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007. Fidia haihesabiwi kwa huruma. Huhesabiwa kwa asilimia ya uwezo uliopotea, na asilimia hiyo hutegemea yaliyoandikwa: siku, saa, mkono upi, kidole kipi, kiungo kipi, nani aliona. Yule tarishi tuliyemtaja alipotafutiwa haki yake, kitabu cha afisi kilikutwa na maneno matatu tu: “Ameumia mkono kidogo.” Neno lile “kidogo” liliandikwa na mtu mwenye mwandiko mzuri, kwa wino mweusi, nalo lilimgharimu mwenzetu zaidi ya kile kioo.

Kwa hiyo karani asiandike “kidogo.” Aandike alichokiona: “Jeraha la kiganja cha mkono wa kuume, chini ya kidole cha pete, urefu wa sentimita 2; asema hawezi kukunja kidole.” Apime, asipime ukubwa wa maumivu ya mtu mwingine kwa fikira zake.

MASHAURI YETU

Twaleta mashauri manne mbele ya Halmashauri, yajadiliwe na wanachama.

Kwanza, kila tawi liulize afisi yake kama sanduku la huduma ya kwanza liko, na kama lina vitambaa safi na glovu, au ni sanduku lenye kufuli lililopotelewa ufunguo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yadai liwepo, hatuombi hisani.

Pili, kila tawi liwe na mwanachama mmoja aliyefundishwa huduma ya kwanza, na maswali yale ya kabla ya kushonwa yabandikwe ndani ya kifuniko cha sanduku.

Tatu, mwanachama aliyeumia mkono atembelewe, si siku ya kwanza tu wakati kila mtu aja na machungwa, bali wiki ya tano na ya kumi, wakati amechoka na mazoezi na hakuna amwulizaye hali. Mwenye kumtembelea aulize swali moja: Leo umekunja vidole mara ngapi?

Nne, Chama kiwaombe wakubwa wa kazi kwamba mtumishi atokaye hospitali apewe kazi nyepesi kwa muda ulioandikwa na daktari, na siku za kliniki ya mazoezi zihesabiwe kuwa za matibabu, wala zisikatwe katika likizo yake. Twajua jibu litakalotoka: kazi ni nyingi na watu ni wachache. Ni kweli. Lakini mtu aliyepewa miezi mitatu ya kazi nyepesi aweza kutumika miaka ishirini baadaye. Naye aliyerudishwa mbio siku ya tatu, Serikali itamlipa fidia, itamtafuta mwingine mahali pake, na kumfundisha upya. Mwenye kupenda hesabu na atazame ipi ni ghali.

Bwana Mwenyekiti, twaona saa imekwenda, na wako wauguzi wawili kati yetu ambao wayajua mambo haya kuliko sisi. Twaomba wasimame watusahihishe palipo na haja. Na kabla ya hapo kila aliyepo na akunje vidole vyake na kuvikunjua mara kumi, ili tuanze maswali.